Alisema nini hasa? Hotuba kuhusu kuwashtaki wanaouza tiba za uongo

Haya niliyazungumza mbele ya wakazi na wahamasishaji wa afya ya jamii katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi. Waliokosa kufika wameomba maneno yote, nami nimeyaandika kama nilivyoyasema, pamoja na pale nilipotoka nje ya mada.

Mwenyekiti, wazee wetu, mama zangu, wahamasishaji wa afya mliokuja na mikoba yenu begani, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimekwisha: hamjambo?

Nimeambiwa baada yangu kuna kikao cha maji taka, na najua nusu yenu mmekuja kwa hicho. Sawa. Sitawachelewesha.

Kila nikialikwa mahali kama hapa naulizwa swali moja. Mbona hawa watu hawashikwi? Mbona yule mwenye chupa inayotibu kisukari, presha, vidonda vya tumbo, ugumba na saratani, yote kwa chupa moja, anasimama soko la Muthurwa mchana kweupe na kipaza sauti, na kanjo, askari wa kaunti, wanampita? Mbona aliyebeba nyanya kwenye karai ndiye anayekimbizwa?

Nilifanya kazi ya kuendesha mashtaka kabla ya kuwa wakili wa kujitegemea, na jibu langu huwa haliwapendezi watu. Wanashikwa. Si wote, lakini wanashikwa. Wanafikishwa mahakama ya Makadara, wanafikishwa Kibera, wanafikishwa Milimani. Halafu kesi inatajwa, inaahirishwa, inatajwa tena, inakufa. Na mara nyingi haifi kwa sababu ya hongo, ingawa najua ndilo neno lililo kwenye ndimi zenu sasa hivi. Inakufa kwa sababu mahakama inauliza swali moja dogo na hakuna wa kulijibu. Alisema nini hasa?

Kabla sijaendelea, niweke jambo moja wazi. Sikuja kupigana na mitishamba. Dawa ya malaria mnayopewa zahanati, ile ya artemisinini, ilitoka kwenye mmea wa Kichina, na mwanamke aliyeigundua, Tu Youyou, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Mmea ulipimwa, kiasi cha kunywa kikajulikana, madhara yakaandikwa. Ugomvi wangu leo si na mti. Ni na mdomo.

Sasa twende mahakamani. Sheria ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kifungu cha 313, inasema anayejipatia mali ya mtu kwa hadaa, akiwa na nia ya kulaghai, anaweza kufungwa miaka 3. Vizuri. Lakini kifungu kilicho kabla yake, cha 312, ndicho kinachoeleza hadaa ni nini, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Hadaa ni kumwakilishia mtu jambo lililopita au lililopo sasa, jambo hilo liwe la uongo, na anayelisema awe anajua ni uongo au haamini kuwa ni kweli.

Mmesikia? Lililopita au lililopo. Siyo lijalo.

Muuzaji akikwambia, "Mama, kunywa hii, kufikia Krismasi utakuwa umepona," amekuahidi jambo la kesho. Akikwambia, "Hii imepimwa KEMRI," yaani taasisi yetu ya utafiti wa tiba, "na imeshaponya wagonjwa 300," amesema jambo la jana. Huyu wa pili amejifunga mwenyewe: tutaenda KEMRI tuulize, na tutamwambia atuonyeshe hata mmoja kati ya hao 300. Huyu wa kwanza, kwa kifungu hiki, ana mlango wa kutokea. Mgonjwa ni yule yule, chupa ni ile ile, na pesa zimekwenda zote. Kilichobadilika ni maneno tu.

Nawapa kisa. Mama mmoja muuza mboga, mumewe alikuwa na ugonjwa wa tezi dume. Hospitali ilikuwa imempa tarehe ya upasuaji. Akaja mtu nyumbani na chupa, akaeleza kwa upole, akauza. Akarudi, akauza tena. Tarehe ya upasuaji ikapita. Mzee alizidiwa, na mtoto wao mkubwa ndiye aliyepiga ripoti. Yule mama akaapishwa, akasimama kizimbani. Wakili wa utetezi akamuuliza: mteja wangu alikwambia dawa inatibu tezi dume? Mama akajibu, "Alisema ni dawa nzuri." Alikwambia mume wako asiende kufanyiwa upasuaji? "Alisema kisu hakina haraka." Chupa iko wapi? "Tulitupa." Kuna risiti? Kimya.

Ndugu zangu, kila mtu kwenye ile korti alijua kilichotokea. Hakimu naye alijua. Lakini kujua si kuthibitisha, na katika jinai mzigo wa kuthibitisha ni wa upande wa mashtaka, pasipo shaka. "Ni dawa nzuri" hata chai ya tangawizi ni dawa nzuri. Mshtakiwa akaenda zake.

Basi swali hili la maneno ya muuzaji si la leo. Nawapeleka London, mwaka 1891. Kila mwanafunzi wa sheria Nairobi amekisoma kisa hiki, na wengi walikisoma kwa ajili ya mtihani tu wakakisahau. Homa ya mafua ilikuwa imeua watu wengi Ulaya. Kampuni moja, Carbolic Smoke Ball, ikatengeneza mpira wenye unga wa asidi ya kaboli na mrija wa kuingiza puani. Unabonyeza, unavuta, unapiga chafya, basi umekingwa. Ikatangaza gazetini kwamba atakayeutumia mara tatu kwa siku kwa wiki mbili, kisha akapata mafua, atalipwa pauni 100. Ikaongeza kwamba imeweka pauni 1,000 benki kuonyesha haina mzaha.

Bibi mmoja, Louisa Carlill, akanunua. Akavuta mara tatu kwa siku, si kwa wiki mbili, kwa karibu miezi miwili. Januari 1892 akashikwa na mafua. Akadai pauni zake. Kampuni ilijibuje? Ilisema yale yalikuwa maneno ya biashara tu, kila mtu anajua mfanyabiashara husifu bidhaa yake. Mnaisikia hoja hiyo? Ndiyo hoja ya Muthurwa hiyo hiyo, tofauti ni kwamba ilivaa kofia ndefu.

Mahakama ya Rufaa, Desemba 1892, iliikataa. Mliandika wenyewe, mkataja kiasi, mkasema mmeweka pesa benki: lipeni. Bibi Carlill akalipwa. Na sikilizeni hili, maana ndilo ninalolipenda zaidi: baada ya kushindwa, mwenye mpira akaunda kampuni mpya, akarudi gazetini na zawadi ya pauni 200, safari hii kwa masharti marefu. Hakuona haya hata kidogo. Bibi Carlill aliishi mpaka 1942, akafa akiwa na miaka 96.

Kwa nini alishinda? Kwa sababu tangazo lilikuwa limechapishwa. Hakuna aliyehitaji kumuuliza, "Bibi, walisema nini hasa?" Gazeti lilikuwa mezani.

Na sheria zetu, mkizitazama vizuri, zinampendelea mwenye karatasi. Sheria ya Vyakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, inafanya kuwa kosa kuuza au kutangaza dawa kwa namna ya uongo au ya kupotosha kuhusu nguvu yake, ubora wake, ama usalama wake. Hapo hatuanzi kwa kupekua moyo wa muuzaji tujue aliamini nini. Tunaanza kwa kusoma lebo. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 nayo inamkataza mwenye bidhaa kudai kibali au uwezo ambao bidhaa haina. Na juu ya zote kuna Katiba, kifungu cha 46: mtumiaji ana haki ya kulindwa afya yake na mfuko wake, na matangazo yawe ya haki na ya kweli. Sheria tunazo. Mimi sitaki kusikia tena mtu akisema Kenya haina sheria.

Sasa mtaniambia, "Lakini wakili, yule wetu ana vyeti ukutani." Naam! Vyeti. Tuviangalie. Leseni ya biashara ya kaunti inasema amelipa ada ya kuendesha biashara pale. Basi. Cheti cha kusajiliwa kama mganga wa kienyeji kinatambua kazi yake ya kimila. Hakisemi chupa namba fulani inatibu saratani. Alama ya KEBS, shirika letu la viwango, kwenye kirutubisho inahusu viwango vya bidhaa, na kirutubisho ni chakula, hakiruhusiwi kujiita tiba. Halafu ile karatasi ya maabara ambayo wengi huibandika kwa fahari: ukiisoma utakuta mara nyingi inasema sampuli ilipimwa na haikukutwa na sumu fulani au vijidudu fulani. Maji ya kisima yanaweza kupata karatasi kama hiyo. Anayethibitisha kwamba dawa inafanya inachodai kufanya, na kuisajili, ni Bodi ya Dawa na Sumu. Ukimwona mwenye ukuta mzima wa vyeti na hicho kimoja hakipo, piga picha ukuta.

Hapa lazima nizungumze kwa uangalifu kidogo, kwa sababu kuna watu ambao hawauzi uongo wanaoujua. Wanauza wanachokiamini.

Mwaka 2011, kijiji cha Samunge, Loliondo, ng'ambo ya mpaka wetu na Tanzania, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, tuliyemwita Babu, alikuwa akigawa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga. Alisema alioteshwa na Mungu. Kikombe kilikuwa shilingi 500 za Tanzania. Wapo humu walioenda, msiangalie chini, mimi siwataji! Magari yalipanga foleni kwa kilomita nyingi. Viongozi wakanywa mbele ya kamera. Watu walifia kwenye foleni ile. Na wapo wenye virusi vya UKIMWI walioacha vidonge vyao wakiamini kikombe kimetosha.

Je, ungemshtaki Babu? Mimi nisingemshtaki kwa ulaghai. Shilingi 500 si bei ya tapeli, na aliamini ndoto yake mpaka alipofariki mwaka 2021. Kwa mtu kama huyo mashtaka ya jinai ni silaha isiyolenga. Kilichohitajika ni serikali kusema kwa sauti kubwa, siku ya kwanza, kwamba hakuna anayeacha vidonge. Badala yake viongozi walikuwa kwenye foleni.

Na kabla hatujawacheka majirani, tukumbuke ya kwetu. Mwaka 1990 KEMRI ilikuja na Kemron, interferoni, yaani protini ya kinga ya mwili, ya kiasi kidogo ya kuweka mdomoni, na Rais Moi mwenyewe akaitangazia dunia kama ushindi dhidi ya UKIMWI. Majaribio yaliyosimamiwa na Shirika la Afya Duniani hayakuona faida. Mwaka 1996 ikaja Pearl Omega, nayo ikauzwa kwa wagonjwa wa UKIMWI kabla ya kuthibitishwa. Mwananchi wa 1990 angemshuku nani, kama habari ya tiba imetoka Ikulu? Mfa maji haachi kutapatapa, na hospitali wakati ule haikuwa na ubao wa kumrushia.

Lakini imani ina mpaka. Kule Florida, Marekani, Mark Grenon na wanawe watatu walianzisha kanisa na kuuza maji waliyoyaita sakramenti, yakijulikana kama MMS, kifupi cha Miracle Mineral Solution. Walidai yanatibu saratani, UKIMWI, usonji, na baadaye UVIKO. Ndani ni klorini daioksaidi, kitu cha kung'arisha nguo na karatasi. Mahakama iliwaamuru waache, wakaendelea. Mwaka 2023 walipatikana na hatia huko Miami. Baba na mwana mmoja wakapewa miaka 5. Wana wawili waliohukumiwa pia kwa kudharau amri ya mahakama wakapewa zaidi ya miaka 12. Na ushahidi ulitoka wapi? Kwa kiasi kikubwa kwenye vinywa vyao: tovuti, barua, na baba mwenyewe kueleza kwamba kanisa liliundwa ili kukwepa mkono wa serikali. Nasema hili katika mji ambao kila kona ina mafuta ya upako. Uhuru wa kuabudu uko kwenye kifungu cha 32 na mimi nitautetea bure. Lakini ukibandika bei na jina la ugonjwa kwenye chupa, umetoka madhabahuni umeingia sokoni.

Niende haraka kwa zile ambazo "zinafanya kazi kweli." Mzee wa miaka 60 anameza unga wa mizizi na magoti yanaacha kuuma siku ya pili. Mwingine anakunywa ya nguvu za kiume na kazi inaonekana nusu saa baadaye. Maabara katika nchi nyingi zimekuta ndani ya unga kama huo deksamethasoni, na ndani ya hizo nyingine sildenafili, dawa za hospitali zilizosagwa bila mgonjwa kuambiwa. Deksamethasoni hupandisha sukari, huvimbisha uso, na mtu aliyeizoea akiiacha ghafla anaweza kuanguka. Sildenafili kwa mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti inaweza kushusha presha mpaka afe. Kwa mwendesha mashtaka, hii ndiyo kesi rahisi kuliko zote: haigusi maneno, inagusa kilichomo. Tunapeleka sampuli kwenye Maabara ya Taifa ya Kudhibiti Ubora wa Dawa, na mashine inatoa ushahidi. Ila sampuli lazima iwepo. Msitupe chupa. Nasema tena, mama zangu: msitupe chupa.

Na zile mashine za "pima mwili mzima bure"? Unashika chuma, skrini inaonyesha ini, figo, kongosho, na printa inatema kurasa za magonjwa, kila ugonjwa na kopo lake la kununua. Kijana mmoja mjanja alipimwa, akatoka, akarudi baada ya chakula cha mchana kwa mpimaji mwingine. Akataja jina lingine na kuongeza miaka 30 kwenye umri. Akapewa magonjwa mapya kabisa, ya uzee! Alikuwa na karatasi mbili, za siku moja, za mwili mmoja. Wakili gani wa utetezi atazipangua hizo?

Wanaouza makopo hayo mara nyingi ni watu wetu wenyewe. Mama amechukua mkopo wa chama, amenunua stoku, ameahidiwa kupanda ngazi, na sasa anawauzia dada zake kanisani. Je, ashtakiwe? Sheria haimwachi bure. Lakini mimi nikipewa faili, huyo ni shahidi wangu kabla ya kuwa mshtakiwa wangu. Yeye ndiye aliyekaa kwenye semina ya hoteli akaambiwa cha kusema. Ana daftari la semina. Nitake nini zaidi? Ninayemhitaji kizimbani ni aliyeandika maneno ya lile daftari.

Hapo tunafika kwenye jambo linalonikera kuliko yote. Mashahidi hawaji. Wanapotea. Na hawapotei kwa woga wa muuzaji, wanapotea kwa aibu. Tazameni mabango kwenye nguzo za stima: nguvu za kiume, ugumba, kisonono, bawasiri, kurudisha mke. Mwenye bango anajua sana anachofanya. Anachagua magonjwa ambayo mtu hatayasema mbele ya karani wa mahakama, shemeji yake akiwa benchi la nyuma. Mwanamume mzima aliyelipa shilingi 15,000 kwa dawa ya chumbani, atasimama aseme ilinishinda? Hasemi. Anaenda kununua nyingine kwa bango linalofuata.

Kwa hiyo ukishindwa kuwa shahidi wa ugonjwa wako, kuwa shahidi wa tangazo. Huhitaji kuumwa ili upige picha bango. Huhitaji kunywa ili uweke kopo kabatini likiwa na lebo yake. Redio ikitangaza, andika kituo, tarehe, saa, na ujumbe kama ulivyosemwa. Ukilipa, lipa kwa M-Pesa, na ule ujumbe wenye jina la mpokeaji usiufute. Na kama una rekodi au picha ya skrini, ihifadhi kwenye simu ile ile iliyoichukua, kwa sababu Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, kifungu cha 106B, inataka cheti kinachoeleza rekodi ilitoka kwenye kifaa gani na ilichukuliwaje. Wahamasishaji wa afya, nyinyi mnaingia nyumba kwa nyumba. Mkimkuta mgonjwa wa kisukari ameacha sindano kwa ajili ya chupa, kwanza mrudisheni kliniki. Halafu muulizeni lile swali. Alisema nini hasa? Andikeni kwa maneno yake, siku hiyo hiyo, si mwezi ujao.

Na kwa wale wanaotaka pesa zao tu, bila makelele ya polisi, kuna Mahakama ya Madai Madogo. Ilianza Milimani mwaka 2021, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, sheria inataka iamue ndani ya siku 60, na unaweza kwenda bila wakili. Najua nawanyang'anya mawakili wenzangu wateja kwa kusema hivyo. Ile mahakama haihitaji uthibitishe pasipo shaka. Inapima ni upande gani una uzito zaidi. Bibi Carlill angeipenda.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Wenye chupa, makopo, ama karatasi za mashine mlizokuja nazo, wenzangu wawili wako chumba cha pembeni, mlango umefungwa, mnaingia mmoja mmoja na hakuna atakayeuliza jina lenu mbele za watu. Wengine tuchukue maswali. Nianze na yule mzee wa safu ya tatu, amenyoosha mkono tangu nilipotaja Loliondo.